Sentensi ya Tisa

Watu wa barabara ya kumi na moja, Ngamiani, ukiwauliza kwa nini Mwalimu Methusela alifunga darasa lake la Kiingereza, kila mmoja atakupa sababu yake. Mmoja atasema macho yalimharibikia. Mwingine atasema alinyimwa kibali. Wapo wanaoapa kwamba alirogwa, maana Tanga ya miaka ile kila aliyefunga duka au darasa alikuwa karogwa, hapakuwa na sababu nyingine. Wote hao hawajui. Aliyejua ni Methusela mwenyewe, na mkewe Bertha kwa kukisia, na mwanamke mmoja aitwaye Mastura, aliyejua kuwashinda wote wawili kwa kuwa yeye ndiye aliyeumia.

Methusela alikuwa Msambaa wa Mlalo, mtoto wa nyumba ya Kilutheri. Kiingereza alikipata kwa taabu. Walimu wake wa misheni walikuwa Wajerumani, na vita vya pili vilipoanza wakachukuliwa wakawekwa kizuizini, hivyo nusu ya masomo yake aliyamaliza peke yake kwa kitabu kimoja kisicho na jalada, huku akichunga mbuzi wa baba yake. Alizisoma sentensi kwa sauti kubwa mlimani mpaka mbuzi wakaacha kushtuka. Baadaye akawa karani katika shamba moja la mkonge upande wa Maramba, miaka sita ya kuita majina ya watu kabla jua halijachomoza. Mwaka wa hamsini akateremka Tanga mjini na mkewe, mtoto wao Asheri, na koti jeusi la sufu ambalo hakulivua hata katika joto la kaskazi. Vijana wa Ngamiani walimwita Mzungu wa Mlalo. Yeye hakukasirika, na nadhani jina lile lilimpendeza.

Alichokitaka maishani kilikuwa kimoja tu, ukalimani wa mahakama. Alitaka kusimama kati ya hakimu na watu, akiwa ameshika lugha mbili mkononi. Aliomba, akaitwa kwa majaribio, akakaa siku nzima mahakamani akitafsiri kesi ya wizi wa baiskeli, jasho likimtiririka ndani ya koti. Wiki mbili baadaye kazi akapewa Timotheo, Mbondei kutoka upande wa Muheza, mtu mpole mwenye sauti ndogo. Methusela hakusamehe. Tangu siku hiyo akawa anasema, dukani, kanisani, kinyozini, kwamba Timotheo huwakata watu maneno. Ukisema kumi, yeye humpelekea hakimu manne. Hakuwahi kutoa ushahidi wa jambo hilo hata siku moja, lakini neno likirudiwa miaka sita watu huliamini, na anayelisema huliamini kuliko wote.

Basi akafungua darasa, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga, kila siku baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Walikuja mafundi cherehani, wauguzi wa hospitali, makarani wa forodha, wapagazi wa stesheni. Mabenchi yalikuwa manne, na waliochelewa walikaa barazani wakisikiliza dirishani. Na ninyi mnaomcheka, mjue kwamba mtu yule alikuwa na akili ya kufundisha. Ubao wake aliugawa safu nne kwa chaki. Safu ya kwanza ilikuwa ya nani: mimi, wewe, yeye, sisi. Safu ya pili ilikuwa ya vineno vidogo ambavyo Mwingereza hawezi kuagiza hata chai bila kuvitumia, vya kuweza, vya kupaswa, vya kuruhusiwa: can, must, may, should. Safu ya tatu ilikuwa ya mara ngapi na kwa namna gani: daima, kamwe, pengine, tafadhali. Ya nne ndiyo kazi yenyewe, kufungua, kufunga, kwenda, kungoja.

"Sisi Waswahili," alizoea kusema, yeye Msambaa, "tunafungasha kila kitu katika neno moja. Nisingeliweza. Humo yumo mtu, kumo kukataa, limo sharti, umo uwezo. Mzigo mmoja, umejitwika, unakwenda. Mwingereza hafungashi. Mwingereza anatandaza mkekani kimoja kimoja, na kila kimoja kina mahali pake."

Kisha huchukua fimbo yake ya mbono akaipitisha ubaoni, kutoka safu hadi safu, na darasa zima likaimba. Mimi lazima daima nifunge mlango. Wewe pengine unaweza kufungua dirisha. Yeye kamwe asichelewe. Fimbo ikishuka mstari, mtu akabadilika, kineno kikabadilika, na sentensi mpya ikazaliwa. Kwa safu zile nne mtu aliweza kutunga sentensi mia nne bila kujua Kiingereza. Methusela alijivunia hilo, wala hakuona kwamba ndipo palipokuwa na ubovu wake.

Mwanafunzi wake kipenzi alikuwa Uweso.

Uweso alikuwa mzaliwa wa Tongoni, mtu wa miaka thelathini, mwendesha winchi bandarini. Meli ilitia nanga nje, matishari, yale mashua bapa ya mizigo, yakaipelekea marobota ya mkonge, na Uweso akakaa juu ya winchi akiyanyanyua kuyaingiza tumboni mwa meli. Utotoni alisoma chuo kwa mwalimu mkali, akahifadhi juzuu nyingi, na anayejua vyuo vya pwani anajua jinsi mtoto anavyosoma huko. Kwanza matamshi. Midomo ikishashika, kifua kikishashika, maana huja baadaye, nayo isipokuja mtoto hapigwi kwa hilo. Hupigwa akipotea katikati. Na akipotea, au akikatizwa, harukii pale alipoachia. Hurudi mwanzo, kwa adabu, akaanza upya.

Hivyo ndivyo Uweso alivyokisoma Kiingereza. Na sauti aliyokuwa nayo! Kila herufi aliitoa mahali pake, zile za ncha ya ulimi zinazowashinda watu wengi yeye alizitoa safi kwa sababu Kiarabu kilimzoesha. Methusela alifumba macho akimsikiliza. Yeye mwenyewe, kwa miaka yote ile, alibaki na lafudhi ya mlimani, na akimsikia Uweso alijisikia kama kazi ya maisha yake imepata mdomo. Akampa sentensi ndefu zaidi, akampa salamu, akampa shukrani na radhi. Uweso akazimeza zote. Maana yake aliijua robo, pengine chini ya hapo, na mwalimu alilijua hilo akajitia hamnazo.

Ikawa mwezi wa tatu, mwaka wa hamsini na sita. Siku ya Alhamisi Uweso aliona nyuzi za kamba ya waya ya winchi zimeanza kukatika, zimechomoza kama miiba. Akamwendea msimamizi wake akamwambia. Msimamizi akasema wataitazama Jumatatu. Jumamosi saa nne asubuhi waya ukakatika, na marobota yakaporomoka juu ya mpakiaji mmoja aitwaye Ernesti, Mkatoliki, aliyetoka Maramba na ambaye alikuwa hajamaliza mwezi mmoja kazini. Alikufa pale pale. Uweso alishuka winchi akamkuta hafai kutazamwa, akavua shati lake akamfunika.

Baada ya wiki moja akashitakiwa yeye. Msimamizi alisema waya ulikuwa mzima, na kwamba mwendesha winchi aliunyanyua mzigo kwa pupa. Habari ya Alhamisi akaikana. Hapakuwa na mtu wa tatu aliyesikia maneno yale. Jamaa wa Uweso wakamdhamini, na kesi ikapangwa baada ya mwezi.

Alasiri moja Uweso akaja kwa mwalimu kabla darasa halijaanza, mkewe Mastura nyuma yake amejifunika buibui.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Uweso. Marahaba mama. Kaeni."

Mastura hakukaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi karibu na soko na kumlea mama mkwe asiyeona. "Mwalimu," akasema, "mie nimesikia kuna mkalimani kule mahakamani. Watu wanasema ni mtu mwema. Nilitaka mume wangu aseme kwa Kiswahili, maneno yake mwenyewe, yule bwana ayapeleke."

Methusela akahisi moyo wake umechomwa. Nasema wazi kwamba hapo ndipo kesi iliposhindwa, katika chumba kile, mwezi mzima kabla hakimu hajaketi.

"Timotheo?" akasema. "Mama, Timotheo anakata maneno ya watu. Mumeo akisema kumi yeye anapeleka manne. Na shauri hili si la kuku. Mtu amekufa. Hakimu ni Mwingereza, akimsikia mtu anasema lugha yake mwenyewe, sawasawa, bila kubabaika, atajua huyu si mzembe. Mzembe hawezi kujifunza lugha ya watu." Akamgeukia Uweso. "Mimi nitakuandikia. Nawe utasema."

Uweso uso ukamng'aa kwa furaha. "Nitasema Mwalimu, wallahi nitasema."

"Lakini sikiliza. Ukishaanza kwa Kiingereza usirudi kwenye Kiswahili hata kidogo. Ukirudi, atajua Kiingereza chako ni cha kuazima, na hatakuamini neno hata moja."

"Sirudi, Mwalimu."

Methusela akaandika maelezo yenye sentensi kumi na tano. Yalikuwa mazuri, hilo tusimnyime. Yalianza kwa heshima kwa mahakama, yakaeleza jina na kazi na miaka saba ya winchi bila ajali, yakaja polepole kwenye wiki ile. Sentensi ya tisa ndiyo iliyobeba kila kitu. Ilisema: siku ya Alhamisi nilimwambia msimamizi wangu waziwazi kwamba waya ungeweza kukatika wakati wowote. Methusela aliitunga kwa siku mbili, akipima kila kineno cha safu ya pili na ya tatu, akafuta, akarudisha. Mastura, aliyekuwa akimngoja mumewe barazani kila alasiri, alimwuliza kila moja inasema nini kwa Kiswahili, akazihesabu kwa vidole. Aliposikia maana ya ile ya tisa akasema, "Basi hiyo ndiyo roho yake," na toka hapo kila Uweso alipofika hapo midomo ya Mastura ilikuwa ikitikisika.

Wiki tatu Uweso alihifadhi. Mwishoni aliweza kuzitoa zote kumi na tano kwa pumzi nne, hakosei hata moja. Siku moja Methusela alijaribu kumkatiza. Alipofika ya sita akamwuliza kwa Kiingereza swali jepesi, Ernesti alikuwa amesimama wapi. Uweso akatabasamu kwa adabu, akaanza upya toka ya kwanza. Methusela akacheka. Akajiambia kwamba mahakama si darasa, mtu huachiwa amalize. Na huyu ndiye aliyekuwa amekaa mahakamani siku nzima akitafsiri, akamwona hakimu kwa macho yake jinsi anavyofanya kazi.

Bertha alikuwa akikuna nazi uani, akasikia. Alipoingia ndani alimwambia mumewe, "Baba Asheri, mtu huyu anasoma, hasemi."

"Fanya kazi yako," akajibu Methusela.

Siku ya kesi wanafunzi kumi na wawili walikuja mahakamani wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wakajaza mabenchi mawili ya nyuma kama watu waliokuja harusini. Methusela alikaa mbele yao na koti lake. Mastura alikaa upande wa wanawake. Hakimu alikuwa Mwingereza wa makamo, mwekundu wa uso kwa joto, si mtu mbaya kwa sura. Mbele yake palikuwa na daftari kubwa na kalamu ya wino, maana siku zile kila kilichosemwa mahakamani hakimu mwenyewe alikiandika kwa mkono, neno kwa neno.

Mwanzoni akamwuliza mshitakiwa kama anahitaji mkalimani. Timotheo alikwisha sogea karibu na kizimba. Uweso akajibu kwa sauti safi, kwa sentensi ambayo darasa zima liliijua: Hapana, asante bwana, mimi daima ninaweza kukuelewa vizuri kabisa. Hakimu akainua nyusi, akafurahi, akaandika. Benchi za nyuma zikanong'ona kwa fahari. Timotheo akarudi kwenye kiti chake.

Msimamizi akatoa ushahidi wake, kwa Kiswahili, Timotheo akautafsiri. Waya mzima, mwendeshaji mwenye pupa. Uweso akaulizwa kama ana la kumwuliza shahidi, akajibu kwamba anashukuru sana. Kisha ikafika zamu yake ya kujitetea.

Akaanza, na Methusela akafumba macho kwa mazoea. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu, kila neno limekaa mahali pake, sauti ikiujaza ukumbi. Katikati ya ile ya nne hakimu akainua kalamu. Mkono wake ulikuwa haujayafikia maneno. Akasema angoje kidogo.

Uweso akangoja. Kalamu ikakwaruza karatasi. Hakimu akaitikia kwa kichwa, endelea. Uweso akashusha pumzi, akaanza toka ya kwanza.

Methusela akafumbua macho.

Hakimu akafikiri hakusikika vizuri mara ya kwanza, akavumilia. Uweso akafika ya tano. Hakimu akainua kalamu tena, akamwambia asirudie aliyokwisha kuyasema. Uweso akainamisha kichwa kwa heshima, akangoja kalamu ishuke, akaanza toka ya kwanza. Mtu mmoja wa polisi akacheka. Hakimu uso ukazidi kuwa mwekundu. Mara ya tatu Uweso alifika ya saba. Ya saba! Zilibaki mbili. Methusela alikuwa ameshika goti lake kwa mikono yote miwili, akimsukuma ndani ya moyo wake, twende, twende. Upande wa wanawake Mastura alikuwa na vidole saba vimekunjuliwa mapajani, na midomo imeanza kutikisika.

Hakimu akaiweka kalamu mezani. Inatosha, akasema. Ni wazi mshitakiwa amekariri hotuba. Sasa atajibu maswali, kwa kifupi.

Alimwuliza kama anajua kwamba mwendesha winchi ana wajibu wa kuutazama waya kabla ya kunyanyua. Uweso alitafuta kichwani mwake, na kichwa chake kilikuwa kimejaa ubao wa Mwalimu Methusela. Akajibu, kwa matamshi yasiyo na doa, kwamba ndiyo bwana, mimi lazima daima niwe mwangalifu. Alimwuliza kama siku ile aliacha kuutimiza wajibu huo. Ndiyo bwana, nasikitika sana. Alimwuliza kama kuna mtu mwingine anayemlaumu. Hapana, asante bwana, wewe ni mwema sana. Kila jibu lilikuwa sentensi kamili, mtu na kineno na namna, kila kimoja mahali pake, na kila jibu lilimzamisha zaidi. Mwenyewe alikuwa akitabasamu. Aliamini anajibu vizuri, maana hakubabaika hata mara moja.

Katika ukumbi ule palikuwa na watu wawili tu waliojua kinachotendeka. Timotheo alikuwa wa kwanza. Alikunja uso, akamtazama mshitakiwa, halafu akageuza shingo akamtazama Methusela. Alimtazama kwa muda, akanyanyuka nusu kutoka kitini, kama anayesema, mwanafunzi ni wako, sema neno nami nitakuunga mkono. Mkalimani aliyekataliwa na mshitakiwa hana ruhusa ya kudakia. Lakini mwalimu wake angesimama, angepiga magoti akitaka, angesema maneno matano. Bwana, mtu huyu haelewi maswali.

Ningependa kukuambia kwamba alisimama. Maneno alikuwa nayo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili na kwa Kisambaa. Lakini nyuma yake walikaa wanafunzi kumi na wawili na mashati yao ya pasi, na mbele yake alisimama Timotheo nusu wima, Timotheo kati ya watu wote, na kusema mtu huyu haelewi kulikuwa ni kusema miaka sita sikufundisha kitu. Methusela akainamisha kichwa. Akahesabu vigae vya sakafuni. Timotheo akangoja, akangoja, akaketi.

Hukumu haikuchukua muda. Hakimu alisema mshitakiwa ni mtu mwenye elimu, anayejua wajibu wake vizuri na aliyekiri kwa uungwana kwamba aliuacha, na kwa kuwa amekiri atampunguzia. Miaka miwili, na kazi ngumu. Uweso akasema asante sana bwana. Hata askari alipomshika mkono alidhani anaonyeshwa njia ya kutokea, akaenda naye akiwa ameinua kichwa, akamtafuta mwalimu wake kwa macho apate kumpungia.

Nje, barazani, wanafunzi walikuwa wakisifu. Hawakuelewa zaidi ya Uweso. Mastura akaja mbio, buibui limemteleza mabegani, akisukumana na watu mpaka akamfikia Methusela.

"Mwalimu, wanasema kasema Kizungu kitupu, hata hakimu kampenda. Mbona wamempitisha mlango wa nyuma? Anatoka lini?"

Methusela akamwambia. Hakujua njia nyingine ya kusema, akasema miaka miwili.

Mastura hakulia. Alimtazama kama mtu anayemtazama mwuza duka aliyempa kipimo pungufu. "Nilihesabu," akasema. "Nilihesabu saba. Ile ya Alhamisi hakuisema."

"Hakufika, mama."

"Na yale maswali? Alikuwa akijibu nini?"

Akamwambia hilo pia, lote. Lilikuwa jambo la kwanza la kweli alilomwambia.

"Weye ulisikia hayo yote?"

"Nilisikia."

"Ukayaelewa?"

"Niliyaelewa."

Mastura akamshika mkono wa koti, akaukunja ndani ya ngumi yake. "Basi twende. Hakimu bado yumo, kesi nyingine haijaitwa, nimewaona wanapanga karatasi. Twende sasa hivi Mwalimu ukamwambie. Mwambie hakuwa akielewa. Mwambie habari ya waya. Mie sitaki Kizungu, sitaki kitu, twende tu."

Mlango ulikuwa hatua kumi. Methusela aliutazama. Ndani ya mlango alimwona Timotheo amesimama na karatasi mkononi, akiwatazama.

"Imeshaandikwa, mama," akasema. "Wakishaandika..."

Hakumaliza. Mastura aliachia ule mkono wa koti kidole kwa kidole. Akajifunika buibui vizuri, akaligeuzia baraza mgongo, akaingia peke yake.

Madirisha ya mahakama yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na Methusela alisikia kila kitu. Alisikia sauti ya Mastura ikitetemeka kwa Kiswahili cha pwani, ikieleza Alhamisi na waya na msimamizi na mtu asiyejua anachoulizwa. Alisikia sauti ndogo ya Timotheo ikiyachukua maneno yale moja moja, hakuruka hata moja, hata lile alipomtaja mama mkwe asiyeona. Kisha hakimu, bila ukali, akasema kwamba anasikitika, shauri limekwisha, na kwamba mtu pekee aliyepaswa kuyasema hayo ni yule aliyeyajua, na wakati wa kuyasema ulikuwa pale alipokuwa akisikiliza.

Methusela aliielewa sentensi hiyo kabla haijatafsiriwa. Akavaa kofia yake, akashuka ngazi, akaenda zake kabla Mastura hajatoka. Alasiri ile darasa halikufunguliwa, wala halikufunguliwa tena.